Wanawake tulioolewa Moshi, Desemba ni sikukuu ya nani?

#1 MamaWawili_Sakina

Wadau, habari za jioni. Nimeolewa Rombo, naishi Arusha mwaka wa 11 sasa, nauza viatu vya mtumba pale soko la Kilombero. Naomba mnisikilize kisha mniambie kama nimekosa.

Kila Desemba tunapanda nyumbani kwa mume wangu. Safari yenyewe si tatizo. Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80 tu, tunafika Himo, tunapandisha Mwika hadi Mkuu, ukitoka asubuhi mchana umeshakula. Wanaotoka Dar ndio wenye haki ya kulia na barabara. Yangu mimi yanaanza nikishuka kwenye gari. Mume wangu anashuka, anasalimia, anawekewa kiti chini ya mparachichi, anapokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nashuka, nasalimia, napewa khanga na kisu.

Mwaka jana nilimenya mikungu minne kwa siku mbili. Aliyewahi kumenya ndizi mshare anajua utomvu wake. Usipopaka mafuta mikononi kabla hujaanza, vidole vinakuwa kama umeshika lami, na ule weusi unakaa kwenye mikunjo na pembeni ya kucha mpaka katikati ya Januari. Nilirudi sokoni mteja ananipa hela huku anaiangalia mikono yangu. Siku nne nalala saa sita usiku, naamka saa kumi kuwasha moto, kuni mbichi, macho yanawasha. Nikijaribu kukumbuka sikukuu yenyewe, sikumbuki hata mara moja nimekaa chini na sahani yangu.

Mwaka huu nimemwambia mume wangu: nenda na watoto, mimi nibaki, nipumzike, na wiki ile ndiyo ninauza kuliko wiki zote. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Unataka ukoo uniulize mke nimemwacha wapi?" Hakupandisha sauti. Ni mtu mwema, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Je, nimemvunjia heshima? Na hii kitu ilianzia wapi?

#2 Kibosho_Kati

Pole dada, lakini umekosea. Kwetu mtu akipanda Desemba bila mkewe wazee hawaulizi mara mbili, wanajua nyumba ina ufa. Mumeo hajakutisha, amekueleza aibu yake.

Halafu tuache kusema mwanaume anapumzika. Nani ananunua mbuzi? Nani analipa nauli ya watu watano, sukari, mchele, blanketi la bibi, mchango wa kanisa, na ada ya mtoto wa marehemu kaka yake inayoletwa mezani tarehe 26 wakati wote wamekaa? Mimi Januari naianza na deni kila mwaka, na sijawahi kufungua uzi. Wazee wetu walianzisha KNCU, ushirika wa kahawa, mwaka 1925 kwa jasho la wanaume, kahawa ikasomesha watoto. Kila mtu ana mzigo wake.

#3 Binti_wa_Uru

Mnawasema wake wa kuolewa, mnatusahau mabinti wa nyumbani.

Nina miaka 34, sijaolewa, nafanya kazi Moshi mjini na kila jioni napanda Uru kulala kwa wazazi. Kabla mawifi hawajafika tarehe 22, nani ameshafagia, amekata majani ya ng'ombe, amelowesha ulezi uchipue, ameuanika na kuusaga kwa ajili ya mso wa mbege? Mbege haidondoki kutoka mbinguni siku mnayofika. Ndizi zinaivishwa, zinachemshwa, zinakaa siku kadhaa, zinachujwa, ndipo mso unaingia. Wiki nzima imekwisha wewe bado uko Kilombero unauza viatu.

Dada, sikulaumu. Wewe unachoka siku nne, mimi nachoka mwaka mzima. Na siku mzee akiondoka, kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha mdogo wangu wa mwisho aliyeko Mwanza. Ng'ombe mwenyewe hamjui jina.

#4 Mpare_wa_Usangi

Nilikuwa napita tu, ila Binti_wa_Uru amenigusa. Huyo ng'ombe anaitwa nani?

Sisi majirani zenu tunawaangalia kila Desemba mnavyopandisha mlima na magari ya kuazima. Kwetu nako mke anapika, sitadanganya. Ila mama zetu wana sauti. Mgomo wa kodi ya mbiru ulioanza 1945, wanaume walipoteremka Same kupinga ile kodi, wanawake wa Usangi walishuka kwa miguu kuwafuata, wakasimama mbele ya ofisi ya mkoloni. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari hizo huku anapepeta maharage. Mke wa Kipare akikuambia mwaka huu sipandi, unauliza kwa utaratibu, "Kwani nimefanya nini?"

#5 FundiBomba_Njiro

Kibosho_Kati, deni lako nalielewa, ninalo pia. Lakini hela unaitoa mara moja, unakaa. Yule anasimama siku nne. Usivipime kwa kibaba kimoja.

#6 Mwalimu_Marangu

Kwanza sahihisho kwa #2. Chama cha mwaka 1925 kilikuwa KNPA, chama cha wakulima wenyeji. KNCU ilikuja 1933. Wengi wanavichanganya.

Pili, hilo la "jasho la wanaume". Mimi nimezaliwa kwenye kihamba cha kahawa. Aliyechuma ni mama. Aliyezungusha mashine ya kumenyea buni jioni ni mama na sisi watoto. Aliyeosha, akaanika kwenye kitanda cha waya, akakimbia kufunika mvua ikinyemelea, ni mama. Baba alipogoa, alipiga dawa, na siku ya kupeleka chamani alivaa koti. Jina kwenye daftari la chama lilikuwa lake, na hela alipokea yeye. Simsemi vibaya marehemu, alitusomesha wote sita.

Ila hapo ndipo naona chanzo cha swali la mleta uzi. Kwetu mazao yalikuwa na jinsia. Kahawa ya baba, ndizi za mama. Mama aliuza ndizi na maziwa soko la Mwika, akanunua chumvi, mafuta ya taa na daftari zetu, na hakuna aliyemuuliza. Kahawa ikawa na heshima kwa sababu ilileta hela nyingi kwa mkupuo. Ndizi zilileta kidogo kila siku, na kitu cha kila siku watu huacha kukiona. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa dunia wa mgawo wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, baba alikaa barazani akitazama miti yake. Nyumba haikulala njaa hata siku moja. Ndizi za mama ziliendelea.

Kwa hiyo Desemba mwanaume anafika na "kahawa" yake, yaani hela ya mjini, na mwanamke anakabidhiwa ndizi.

#7 Kibosho_Kati

Mwalimu, sahihisho nimelipokea. 1933. Asante.

Ila hujajibu hoja. Ikiwa ndizi ni za mama, basi jikoni ni himaya yake. Mama yangu ukimwingilia jikoni anakufukuza na mwiko. Kuchinja, kuchoma na kugawa nyama ni kazi yetu, hakuna mwanamke anayegusa, na hakuna anayelalamika kwamba tunasimama kwenye moshi wa mbuzi tangu asubuhi. Mbona hiyo haihesabiwi?

#8 Binti_wa_Uru

Mbuzi mmoja, wanaume tisa. Nimewahi kuwahesabu.

@Mpare_wa_Usangi anaitwa Neema.

#9 WakiliKijana_AR

Naingia kwa sababu mbili.

La kihamba. Binti_wa_Uru, usikae ukidhani mlango umefungwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu ya jinsia haina nguvu. Na baba yako akiwa hai ana uwezo wa kukuandikia sehemu. Mzee akiwa na akili zake, mashahidi wakiwepo, karatasi ikasainiwa, umepunguza ugomvi wa miaka kumi. Usisubiri matanga.

La pili, kazi ya nyumbani. Kuna kesi kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini anaijua, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mume alisema nyumba nimejenga kwa mshahara wangu, mke hakuchangia kitu. Mahakama ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, vyote ni mchango.

Kwa hiyo anayesema mwanamke anapika "tu" anabishana na Mahakama ya Rufani.

#10 Mpare_wa_Usangi

Wakili, malizia na mwisho wa kesi. Bi Hawa alipata nini?

#11 WakiliKijana_AR

Umenikamata. Hakuondoka na mgawo. Mume alikuwa ameshampa hela za mtaji, mahakama ikaona alizitapanya, kwa hiyo ni kama alikwisha kuchukua fungu lake. Msingi ulibaki, na umewasaidia wanawake wengi baada yake.

#12 MamaMkwe_Machame

Wanangu, mimi ni hao mama wakwe mnaowasema. Mjukuu ndiye aliyenifundisha kuingia humu, nasoma kila usiku kabla ya sala. Nina miaka 67.

Niliolewa mwaka 1978. Siku zile hakukuwa na kitu cha kwenda nyumbani Desemba, sote tulikuwa nyumbani. Kwenye vihamba vinavyopakana tulikuwa wanawake saba, wake wa ndugu. Mkungu ukiletwa tunakaa duara, tunaimba, tunamsema huyu na yule, ndizi zinakwisha huku hatujui. Mtoto akilia wa karibu anambeba. Sikumbuki uchovu wa aina hii anaousema binti wa Sakina.

Leo wale saba, wawili wako makaburini, mmoja Dar kwa mwanawe, mmoja mgonjwa, wengine wamehama. Nyumba yangu miezi 11 ina mimi, mzee na ng'ombe. Halafu tarehe 23 usiku nina watu 23. Mnadhani nawakabidhi wakwe zangu kisu kwa ubaya? Nawakabidhi kwa sababu magoti yangu hayanyanyuki kwenye kigoda. Na sijui nimkabidhi nani mwingine. Wanangu wa kiume nikiwaambia wanaitikia, kisha wanaondoka kwenda kumsalimia fulani.

Nasema ukweli pia: mkwe akifika akakaa, moyo wangu unaumia. Nilivyolelewa, mtu anayekupenda anashika kazi yako. Sijui kama ni haki. Ninavyohisi ndivyo hivyo.

#13 MamaWawili_Sakina

Mama, shikamoo. Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nimelia hapa hapa gengeni. Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia hivyo. Nisingejua magoti yanauma, maana hasemi. Ananipa kisu na kuondoka.

#14 MamaMkwe_Machame

Marahaba mwanangu. Na wewe hujawahi kumwambia kuhusu vidole.

#15 Dereva_wa_Himo

Mimi naendesha Noah, Himo hadi Tarakea. Nawaambia ninachokiona kwenye kioo cha ndani, maana Desemba napakia familia 10 kwa siku.

Baba anakaa mbele na mimi. Tukiwa Himo anaongea habari za madeni, nauli imepanda, biashara mbaya. Tukipita Mwika anaanza kunyamaza. Tukikaribia kwao anatengeneza kola, anatoa noti mpya aliyoitunza, ananiambia, "Dereva, piga honi." Mama yuko nyuma, mtoto mapajani, ndoo ya mafuta kati ya miguu. Na yeye anajitengeneza, anafunga khanga kiunoni. Gari halijasimama.

Kwa hiyo mimi naona si kahawa wala si ndizi. Ni kuonekana. Mwanaume anapanda mlima kuonyesha mji haukumshinda, na mke ni sehemu ya ushahidi. Akiwa mvivu, au hayupo, ushahidi una walakini. Mume wa mleta uzi anaogopa swali la wazee kuliko anavyoogopa kupika.

#16 Mmeru_Tengeru

Dereva kapiga mule mule. Maana wanaume hawa hawa Arusha wanapika! Hapo kwangu nina wapangaji wanne wa Kichaga, jioni wanakaanga mayai na kuosha vyombo wakicheka na wake zao. Wakivuka daraja la Kikafu kuelekea Moshi mikono inakufa.

#17 FundiBomba_Njiro

Mikono haifi, kaka. Inauawa. Nisimulieni na mimi.

Mwaka juzi mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipofika Machame niliona anainama kwenye beseni la ndizi, tumbo limemgonga magoti. Nikavuta kigoda, nikapaka mafuta, nikachukua kisu. Nimemenya kama ndizi 20 hivi, mikono inajua, nilimenya sana nikiwa mdogo na mama. Baba mdogo akapita. Hakusema neno. Akaja, akanishika kifundo cha mkono taratibu, akakitoa kisu, akampa dada yangu. Kisha akaniongoza kwa bega mpaka kwa wazee, akanipa kata. Wazee wakaendelea na mazungumzo yao kama vile nilikuwa nimetoka msalani.

Kilichoniumiza ni mama. Usiku alinifuata, macho mekundu, akaniuliza, "Mwanangu, mkeo amekulisha nini?"

Ningegombana na baba mdogo, ningeweza. Kwa mama niliishiwa maneno. Mke wangu naye akaniomba nisirudie, kwa sababu mawifi walimsema yeye wiki nzima, mimi hawakunigusa. Kwa hiyo wanaosema "wanaume wasaidie", ni kweli, lakini mjue bili inapelekwa kwa nani.

#18 Binti_wa_Uru

Hii imenikaa. Mimi ningekuwa dada yako ningekichukua kile kisu, na ningekusema. Naomba msamaha kwa mke wako, kwa niaba ya mawifi.

#19 Kijana_wa_Sombetini

Nchi ina Rais mwanamke tangu tarehe 19 Machi 2021, mpaka 2025 Spika alikuwa mwanamke, na nyie mnajadili nani amenye ndizi. Tusonge mbele wakuu.

#20 Mwalimu_Marangu

Kijana, Anna Makinda alikuwa Spika tangu 2010, na Desemba ya 2010 dada zangu walimenya ndizi kama kawaida. Kiti cha juu kinajazwa kwa kiapo cha siku moja. Kigoda cha jikoni hakina mtu anayekiapia, watu wanakikuta pale wanakikalia. Mimi napenda kumwona mama Ikulu, wanangu wa kike wamekua wakijua inawezekana. Lakini nimefundisha miaka 31, na kila shule niliyopita, mkutano wa walimu ukifika saa ya chai, aliyenyanyuka kumimina ni mwalimu wa kike, hata akiwa ndiye mkuu wa shule.

#21 Kibosho_Kati

Nimesoma yote, nimekaa kimya makusudi. Mama wa Machame amenipiga pabaya, kwa sababu mama yangu naye ana miaka hiyo hiyo na sijui hali ya magoti yake.

Bado nasema mke apande. Nikiona mwanamke anabaki Arusha naona watoto watakua bila kujua upande mmoja wa damu yao. Lakini mleta uzi, mwambie mumeo aongee na mama yake mapema, yeye mwenyewe, asikutume wewe. Akiona aibu achukue jani la sale, lile la kuombea msamaha, aseme mama nisamehe, mwaka huu mke wangu amechoka. Mama wa Kichaga hakatai sale. Kisha mumlipe binti wa jirani siku tatu ashike moto na maji. Wapo wanaotafuta hela ya daftari za Januari.

#22 Mmeru_Tengeru

Yaani suluhisho ni mwanamke mwingine, wa bei nafuu.

#23 Kibosho_Kati

Nipe lako basi.

#24 Mmeru_Tengeru

Mpike kidogo. Watu 23 hawahitaji mtori, machalari, pilau, kiburu na kisusio siku moja. Chagueni viwili.

#25 Kibosho_Kati

Krismasi bila mtori? Mpaka hapo tumeachana.

#26 Dereva_wa_Himo

Utomvu wa mshare ukishakaa, mafuta ya taa yanatoa. Mama yangu alitumia hayo.

#27 Binti_wa_Uru

Yanachubua, na harufu inaingia kwenye chakula. Limau na majivu, unasugua taratibu. Ila dawa ni mafuta ya kupikia kabla, na kila mkungu ukiisha unapaka upya. Wengi wanapaka mara moja asubuhi, saa nne yameisha, ndipo wanashangaa.

#28 FundiBomba_Njiro

Glavu jamani. Zile za mpira, za maduka ya dawa. Kisu hakitelezi ukizipaka majivu kidogo.

#29 MamaWawili_Sakina

Wadau, nimechelewa kurudi, nilikuwa napokea mzigo. Aika, yaani asanteni, kwa wote, hata Kibosho_Kati.

Jana usiku nilimsomea mume wangu #12 na #17. Sikumwambia ni uzi wangu, lakini nadhani amejua, maana nilipofika kwenye beseni la ndizi aliniangalia mikono. Hakusema tunafanyaje. Asubuhi nimemkuta nje ameshika simu, anaongea na mama yake kwa Kirombo, na mimi Kirombo chao nakipata nusu nusu. Nimesikia "magoti" tu, kwa sababu hilo alilisema kwa Kiswahili.

Sijaamua kama napanda. Nikipanda itakuwa tarehe 24 jioni, nikishafunga meza, na 27 narudi. Nimenunua glavu pea tano. Halafu nimeandika kwenye grupu la ukoo kwamba mwaka huu tuchange kila nyumba kidogo, tutafute mtu wa kutusaidia maji na kuni, na wanaume wachemshe ndizi za mbege, maana ile sufuria ni nzito. Shemeji wawili wameweka dole gumba. Wifi mkubwa amesoma tangu saa mbili, hajajibu.